Kumfuata mhusika wa fantasia hadi kwenye ngano alikotoka

Mashabiki wengi wa Thor wanajua kwamba nyundo yake haiinuliwi na mtu asiyestahili. Wengi wanaamini pia kwamba sharti hilo limetoka kwenye visasili vya Skandinavia. Halikutoka huko. Katika shairi la kale la Kiaislandi liitwalo Þrymskviða, jitu Thrym linaiiba nyundo hiyohiyo na kwenda kuificha chini kabisa ardhini, na hakuna mstari hata mmoja unaosema ilimlemea. Sharti la kustahili lilikuja mwaka 1962, katika jarida la vibonzo la Marekani ambamo kampuni ya Marvel ilimtambulisha Thor wake.

Kugundua jambo kama hili hakuhitaji shahada ya fasihi simulizi. Kunahitaji utaratibu na subira, pamoja na swali moja ambalo utalirudia kila mara: nani aliliandika hili kwanza, na lini? Ukilishika swali hilo hutapotea, kwa sababu halikuruhusu kuruka kutoka riwaya ya juzi hadi Misri ya mafarao kwa hatua moja. Linakulazimisha ushuke ngazi moja moja.

Hatua ya 1: Kivunje kitu vipande

Kabla ya kutafuta popote, andika kitu hicho kinafanya nini ndani ya hadithi unayoisoma. Usiandike "pete ya ajabu", maana pete za ajabu ziko kila pembe ya dunia. Andika: inamficha anayeivaa, ilipatikana chini ya ardhi, inamwoza moyo mwenye nayo, nguvu za aliyeitengeneza zimo ndani yake, ikiharibiwa naye anakwisha. Hizo ni sifa tano, na kila moja inaweza kuwa na ukoo wake. Ya kwanza itakupeleka kwa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Ya nne na ya tano zitakupeleka kwenye ngano za roho iliyofichwa nje ya mwili, ambazo nitazichambua kwa kirefu hapa chini.

Sasa pigia mstari yale maelezo madogo ambayo hadithi ingeweza kuendelea bila hayo. Hayo ndiyo yanayobeba ushahidi. Joka linalolalia dhahabu halikuambii kitu. Lakini joka linaloibiwa kikombe kimoja tu na mtu aliyenyemelea likiwa usingizini, likaamka, likagundua wizi, kisha likatoka usiku kuwachoma moto watu wa jirani, hilo tunalijua. Limo katika Beowulf, shairi la Kiingereza cha kale ambalo mswada wake pekee uliandikwa yapata mwaka 1000. Mwandishi Mwingereza Tolkien alilitumia tukio hilohilo katika riwaya yake The Hobbit, mwaka 1937. Majoka ni mengi. Kikombe kile ndicho kinachokuonyesha njia.

Hatua ya 2: Lishike jina, lakini usiliamini haraka

Majina ni njia ya mkato nzuri. Ukichukua majina ya mbilikimo wa The Hobbit, Thorin, Dwalin, Bifur, Bombur, Nori na wenzao, utayakuta karibu yote kwenye orodha moja ya mbilikimo ndani ya Völuspá, shairi lililohifadhiwa katika mswada wa Codex Regius ulioandikwa Iceland katika karne ya 13. Na katikati ya orodha hiyo yumo Gandalf, ambaye kwa Tolkien ni mchawi mwenye ndevu. Huko ni mbilikimo tu kati ya mbilikimo, hana ndevu za kichawi wala safari yoyote. Kwa hiyo jina limekopwa na mhusika ametengenezwa upya. Hayo ni mambo mawili tofauti, na katika maelezo yako yaandike kama mambo mawili.

Jina linaweza pia kukudanganya kwa namna nyingine. Nicolas Flamel, mwenye jiwe la kurefusha maisha, alikuwa mtu kweli: mnakili wa miswada mjini Paris, aliyefariki mwaka 1418, na jiwe la kaburi lake linaonekana hadi leo katika makumbusho ya Cluny. Lakini kitabu cha alkemia kilichompa umaarufu huo kilichapishwa kwa jina lake mwaka 1612, karibu miaka 200 baada ya kufa. Mtu ni wa karne ya 14 na 15, ngano yake ni ya karne ya 17. Ukiona mhusika ana jina la mtu wa kweli, tafuta tarehe mbili: ya mtu, na ya habari zake.

Hatua ya 3: Mwulize mwandishi

Hii ni hatua fupi, na inashangaza jinsi wengi wanavyoiruka. Tafuta mahojiano, barua zilizochapishwa, dibaji na maneno ya shukrani. Tolkien alikiri katika barua aliyoliandikia gazeti la The Observer mwaka 1938 kwamba Beowulf ni miongoni mwa vyanzo alivyovithamini zaidi. Hapo ubishi umekwisha.

Wakati mwingine jibu litakuwa kwamba ukoo haupo. Rowling amesema wazi kwamba wale walinzi wa gereza wanaonyonya furaha ya watu, katika hadithi za Harry Potter, walitokana na huzuni kubwa aliyoipitia mwenyewe. Unaweza kuwatafutia ndugu kwenye ngano za vizuka, na utawapata, lakini wazazi wao sio hao.

Hatua ya 4: Pitia ngazi za kati

Hapa ndipo kazi nyingi za mtandaoni zinapoharibika. Mtu anaona vampaya anayeungua juani, anaandika kwamba watu wa Ulaya Mashariki waliamini jua linaua vampaya. Lakini Dracula wa Bram Stoker, katika riwaya ya mwaka 1897, anatembea London mchana; nguvu zake zinapungua tu. Jua likawa mauti kwake katika filamu ya Kijerumani Nosferatu ya mwaka 1922. Tangu hapo filamu na riwaya zimeigana hadi kila mtu akaona ni jambo la kale.

Kwa hiyo kabla hujaenda kwenye visasili, orodhesha kazi zilizotangulia ile unayoichunguza: filamu, vibonzo, michezo ya kompyuta, na hasa mchezo wa Dungeons & Dragons uliotoka mwaka 1974. Mchezo huo ulikusanya viumbe kutoka kila upande, ukawapa sifa maalumu na nguvu zinazohesabika, na waandishi wengi wa leo wamewachukua viumbe kutoka humo badala ya kwenye ngano zenyewe. Kipimo changu ni rahisi: kiumbe akiwa na kanuni kali mno, za aina ya "mara tatu kwa siku" au "umbali wa hatua kadhaa", anza kuushuku mchezo kabla ya kuishuku ngano.

Jini wa matakwa matatu anaangukia hapa pia. Katika hadithi ya Aladini kama ilivyochapishwa na Antoine Galland kwa Kifaransa mwaka 1712, jini wa taa hana ukomo wa matakwa. Tena majini ni wawili, wa taa na wa pete. Matakwa matatu ni ya ngano za aina nyingine kabisa, zile za mtu anayepewa nafasi tatu akazipoteza kwa upumbavu. Sinema za karne ya 20 ndizo zilizolifanya sharti hilo lionekane la jini wa taa.

Hatua ya 5: Tumia faharasa za ngano

Wasomi wa ngano wametengeneza zana mbili kubwa, na inasikitisha kwamba nje ya vyuo vikuu hazitajwi. Ya kwanza ni faharasa ya motifu ya Stith Thompson, Mmarekani aliyeitoa miaka ya 1930 na kuipanua miaka ya 1950. Motifu ni kipande kidogo cha hadithi: kitu, kiumbe au tendo. Thompson alizipanga kwa herufi. B ni wanyama, D ni uchawi, E ni wafu, G ni mazimwi, na kadhalika. Ndani ya kila herufi kuna namba: B11 ni joka, D1076 ni pete ya ajabu, E710 ni roho iliyohifadhiwa nje ya mwili.

Ya pili inapanga hadithi nzima badala ya vipande. Mfini Antti Aarne aliianza mwaka 1910, Thompson akaiendeleza, na Mjerumani Hans-Jörg Uther akaiandika upya mwaka 2004. Kwa majina yao watatu huitwa ATU. Hadithi ya zimwi lenye moyo ndani ya yai, kwa mfano, ni ATU 302.

Namna ya kuzitumia ni hii. Chukua zile sifa ulizoandika katika hatua ya kwanza, moja moja, uzitafute kama motifu. Ukipata namba, itafute namba hiyo pamoja na jina la eneo, na utapata makala na mikusanyo inayoitaja. Mabadiliko ya matokeo ni makubwa, kwa sababu sasa unatafuta kwa lugha wanayoitumia wakusanyaji wenyewe. Kumbuka tu kwamba faharasa hizi zina Ulaya nyingi na Afrika kidogo. Kwa nchi za Kiarabu ipo faharasa ya Hasan El-Shamy ya mwaka 1995. Kimya cha faharasa kuhusu eneo fulani kisikufanye uamini kwamba huko ngano hiyo haikusimuliwa.

Hatua ya 6: Soma andiko lenyewe, na uangalie ni toleo gani

Ensaiklopidia za mtandaoni ni mahali pa kuanzia. Shuka hadi kwenye tanbihi zake, uone zinataja kitabu gani na sura gani, kisha kifungue kitabu hicho. Maandiko mengi ya kale yana tafsiri za zamani zinazopatikana bure Project Gutenberg na Internet Archive. Huhitaji kusoma kitabu kizima. Unahitaji ukurasa ule mmoja, pamoja na mmoja kabla na mmoja baada.

Ukiufungua utashangaa mara kwa mara. Basiliski wa Plinio Mzee, aliyeandika katika karne ya 1 B.K., ni nyoka mdogo ambaye urefu wake hauzidi upana wa vidole 12, na adui wake ni kicheche. Ukubwa wa kutisha ni wa baadaye, na sauti ya jogoo kumuua inaonekana kwa Aeliano, yapata mwaka 200 B.K. Feniksi wa Herodoto, mwanahistoria Mgiriki, haungui moto kabisa: anakuja Heliopoli kila baada ya miaka 500 akiwa amembeba baba yake ndani ya yai la manemane, na Herodoto anasema yeye alimwona kwenye picha tu.

Visasili havina toleo moja rasmi, na hili lazima liingie kichwani mapema. Medusa wa Hesiodo, mshairi wa Kigiriki, alizaliwa Gorgoni, mtoto wa miungu ya bahari. Medusa wa mshairi wa Kirumi Ovidi, miaka kama 700 baadaye, alikuwa msichana mzuri aliyeadhibiwa na Minerva kwa kudhalilishwa na Neptuno hekaluni. Riwaya inayomwonyesha kama mwathirika haijageuza kisasili, imefuata Ovidi. Ukiandika "katika kisasili cha Kigiriki" bila kutaja nani, hujasema kitu.

Pete ya Plato nayo inafundisha hilohilo. Katika kitabu cha 2 cha Jamhuri, mchungaji wa Lidia, anayehusishwa na ukoo wa Gige, anashuka kwenye ufa wa ardhi, anakuta farasi wa shaba mwenye maiti ndani, anaivua pete. Akigeuza kito chake upande wa kiganja, haonekani. Kwa pete hiyo anamlaghai malkia na kumuua mfalme. Herodoto alisimulia habari za Gige, aliyempindua mfalme wa Lidia, miongo kadhaa kabla ya Plato, na kwake hakuna pete yoyote. Gige anafichwa nyuma ya mlango tu. Msomaji makini ataona mlango ulivyokaa mahali ambapo pete ingekaa.

Hatua ya 7: Pima mfanano

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Tuchukue roho iliyofichwa nje ya mwili.

Katika riwaya ya sita ya Harry Potter, ya mwaka 2005, tunaelezwa kwamba adui mkuu aliigawa roho yake na kuificha ndani ya vitu mbalimbali, hivyo hafi mpaka vitu hivyo viharibiwe. Ukirudi nyuma, ngazi ya kwanza ni michezo ya miaka ya 1970, yenye mchawi mfu aliyehifadhi uhai wake kwenye chombo. Kabla ya hapo, mwaka 1954 na 1955, kuna pete ya Tolkien, ile tuliyoivunja vipande katika hatua ya kwanza. Kabla yake ziko ngano za Urusi alizochapisha Alexander Afanasyev kati ya 1855 na 1863. Humo Koschei Asiyekufa ameweka kifo chake kwenye ncha ya sindano, sindano ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura, sungura ndani ya kasha, na kasha liko kwenye mwaloni.

Sasa weka pembeni yake ngano ya Norwei iliyokusanywa na Asbjørnsen na Moe. Jitu halina moyo kifuani. Moyo uko ndani ya yai, yai liko ndani ya bata, bata yuko kisimani, kisima kiko kanisani, kanisa liko kisiwani. Bata na yai vimejirudia, kwa mpangilio uleule. Hii haiwezi kuwa bahati. Ngano hizi mbili ni ndugu, hata kama hatuna karatasi inayoonyesha ilivuka lini kutoka nchi moja hadi nyingine.

Nenda India. Katika mkusanyo wa Mary Frere wa mwaka 1868, uhai wa mchawi Punchkin uko ndani ya kasuku mdogo wa kijani, kwenye kitundu kilichofichwa msituni. Yai hakuna, bata hakuna. Lakini kuna jambo lingine: katika ngano hii, kama ile ya Norwei, mwanamke aliyetekwa ndiye anayembembeleza aliyemteka hadi anaitoa siri. Mifupa ya hadithi ni ileile, nyama ni nyingine. Ukoo upo, ila wa mbali.

Halafu Misri. Papiro iliyoko British Museum, ya yapata mwaka 1200 K.K., inasimulia ndugu wawili, na mdogo anaitwa Bata, jina la mtu. Bata anauweka moyo wake juu ya ua la mti. Mke wake anaitoa siri, mti unakatwa, Bata anaanguka mfu. Kaka yake anautafuta moyo kwa miaka, anautia kwenye maji, na mdogo wake anafufuka. Ni E710 bila shaka. Lakini Bata ni mwema, siri inamponza yeye, na hadithi inahusu kumrudishia uhai, wakati zile nyingine zinahusu kumwua dhalimu. Kusema kwamba riwaya ya 2005 "imetoka Misri" ni kuruka ngazi ishirini.

Mimi huweka kila mfanano kwenye moja ya makundi matatu. Kundi la kwanza ni ukopaji uliothibitishwa: mwandishi amekiri, au majina na maelezo ya nadra yanaoana. La pili ni undugu unaowezekana: mpangilio wa matukio unafanana, na watu hao waliweza kukutana. La tatu ni mfanano mtupu: wazo ni moja, lakini hakuna njia inayoonekana. Usione aibu kuweka vitu vingi kwenye kundi la tatu.

Liongo Fumo ni mfano mzuri wa kundi hilo. Edward Steere alichapisha habari zake mwaka 1870: shujaa asiyedhurika na silaha, anayeuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Watu humlinganisha mara moja na kisigino cha Akile. Lakini Homeri hakitaji kisigino hicho kama mahali pekee pa mauti. Habari ya mtoto kuchovywa mtoni inaonekana katika maandishi kwa Stasio, karne ya 1 B.K. Siegfried wa Wajerumani naye ana doa mgongoni, mahali jani lilipoanguka. Motifu ni moja, Z311, yaani mwili usiodhurika isipokuwa mahali pamoja. Anayetaka kusema Liongo ameigwa kutoka kwa Wagiriki anadaiwa ushahidi, na sindano ile ya shaba haimo kwa Wagiriki. Siri ya Liongo kutolewa kwa mwanawe aliyeahidiwa zawadi inastahili kuchunguzwa yenyewe, kwa masharti yake.

Ukishamaliza kupima, rudi kwenye riwaya uliyoanza nayo uulize kimeongezwa nini. Katika ngano roho ni moja na imefichwa mahali pamoja, kitu ndani ya kitu. Rowling aliigawa vipande, akavitawanya, akafanya kila kipande kiwe kimenunuliwa kwa kuua mtu. Hicho ndicho kilicho chake. Kufuata asili ya kitu hakumpunguzii mwandishi sifa. Kunaonyesha mkono wake ulipogusa.

Hatua ya 8: Andika njia yako, na uache nafasi

Kwa kila ngazi andika mambo manne: mwaka, mahali, nani ameandika au amesimulia, na maelezo gani yapo au hayapo. Simulizi za mdomo zina tarehe mbili, ya kusimuliwa na ya kuchapishwa, na mara nyingi majina mawili, la msimuliaji na la mkusanyaji. Jina la msimuliaji lisiachwe.

Aladini anaonyesha kwa nini. Kwa muda mrefu hadithi hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya miswada ya kale ya Alfu Lela Ulela, ilhali hakuna mswada wa Kiarabu ulio nayo kabla ya Galland. Shajara ya Galland inaonyesha aliisikia Paris mwaka 1709 kutoka kwa kijana wa Aleppo, Hanna Diyab. Diyab aliandika kumbukumbu za safari yake. Mswada uko Maktaba ya Vatikani, na tafsiri ya Kifaransa ilitoka mwaka 2015. Humo anasimulia jinsi Mfaransa aliyekuwa akisafiri naye alivyomlipa mchunga mbuzi ashuke kwenye kaburi la kale karibu na Idlib, na mchungaji akatoka na pete na kitu kama taa. Kama ulishaandika ukoo wa taa ya Aladini, ongeza ngazi hiyo kati ya ngano za Kiarabu na kitabu cha 1712, kwenye kundi la pili.